Maswali ya Wasomaji: Lenzi ya mtumba, uliza kwanza ilikuwa inalala wapi

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi napiga picha huku Mikindani, harusi, sendofu, mahafali, kazi yoyote inayokuja. Nina Canon 700D na lenzi iliyokuja nayo, ile 18-55, sasa usiku ukumbini picha zinatoka giza nataka niongeze lenzi ya 50mm f/1.8 inayopitisha mwanga mwingi. Kuna jamaa wa Dar anauza mtandaoni ile ya zamani, toleo la II, laki na themanini, kwenye picha alizoweka inang'aa kama mpya. Rafiki yangu ananambia achana nayo, kitako chake cha kushikia kwenye kamera ni plastiki, haitodumu. Alafu muuzaji anataka nitume nusu ya hela ndo aweke mzigo kwenye basi. Nifanyeje?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hiyo plastiki mana naona ndo imekutia hofu, na hapo umetishwa bure. Geuza hiyo 18-55 unayofanyia kazi uiangalie kwa nyuma, kitako chake plastiki vilevile na kila wikiendi uko nayo mzigoni. Hiyo 50mm ya II Canon waliitoa mwaka 1990 wakaja kuibadilisha 2015 kwa ile ya STM yenye kitako cha chuma, na lenzi nzima ina gramu kama 130 tu, uzito gani huo wa kuvunja kitako? Udhaifu wake uko kwingine. Ikidondoka inaachana vipande viwili kirahisi sana, na oto fokasi yake, yaani lenzi kujitafutia ukali wa picha yenyewe, ina kelele na inahangaika kwenye mwanga hafifu, yaani palepale ukumbini unapoihitaji. Kwahiyo kama unaweza kuvumilia ukaongeza hela kidogo ukapata STM ya mtumba, mimi ningekwambia nenda na STM.

Ila iwe II iwe STM, kinachoua lenzi huku kwetu ni unyevu. Mtwara, Mikindani, Lindi mpaka Kilwa tunaishi na bahari mlangoni, na mvua zikishaanza mwisho wa mwaka mpaka Aprili hata nguo kabatini zinatoa harufu ya uvundo, sasa lenzi iliyofungiwa kwenye begi miezi yote hiyo unategemea nini. Inaota fangasi ndani, kwenye vioo ambavyo huvifikii, na ile fangasi inatoa tindikali inayokula mpako wa kioo, ikishakula hata fundi akifungua akasafisha alama inabaki. Kwa nje lenzi inang'aa vilevile! Ndo mana hizo picha za muuzaji hazikwambii kitu, na Dar nayo ni pwani kama huku. Muulize alikuwa anaitunza wapi na mara ya mwisho aliitumia lini, lenzi iliyochubuka nje kwasababu inafanya kazi kila wiki mimi naiamini kuliko ile safiii iliyokaa kabatini miaka.

Mwambie akutumie vidio, sio picha, vidio moja isiyokatwa, aanze na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo pembeni ya lenzi, aonyeshe seriali namba, kisha atoe vifuniko vyote viwili awashe tochi ya simu aimulike kutoka nyuma huku wewe unaangalia kwa mbele, aizungushe polepole kwa upande upande. Vumbi chache zitaonekana, hizo zisikusumbue, kila lenzi inazo. Ukiona nyuzi nyuzi kama mizizi inayotambaa kutoka ukingoni hiyo ni fangasi, achana nayo hata akikupunguzia bei. Ukiona weupe kama kioo kimepumuliwa, achana nayo pia. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele mara nyingi hauonekani kwenye picha, wa kioo cha nyuma ndo wa kuogopa. Akisita kukupigia hiyo vidio basi umeshapata jibu.

Hela usitume, wala nusu. Ukishatuma, zaidi ya kilomita 500 za barabara zipo kati yako na yeye na simu anaweza kuizima muda wowote. Wewe kama sisi wote huku hukosi ndugu Dar, shemeji, binamu, mtu wa kuaminika, aende wakutane mchana sehemu ya watu na muuzaji aje na bodi yake ya Canon, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Wafunge lenzi, wapige f/1.8 kwenye ukurasa wa gazeti waone kama maandishi pale fokasi ilipoweka yamekaa vizuri, kisha waweke f/8 wapige tena, mana apecha ya hizi lenzi, lile tundu la kupitisha mwanga, inafunga kwa umeme na ikiwa mbovu kamera inaleta ujumbe wa hitilafu Err 01 wakati wa kupiga, kwenye f/1.8 hutoiona mana tundu liko wazi lote. Wakishamaliza ndo hela itoke. Waandikishiane pia jina na namba ya simu, na kama ana risiti au boksi lenye seriali ileile vizuri zaidi, kupokea mali ya wizi ni kosa kisheria na polisi hawataki kusikia kwamba ulinunua mtandaoni.

Ikifika, usiirudishe kwenye begi. Nunua kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, weka silika jeli, vile vipakiti vya kunyonya unyevu, nyingi za kutosha, na ukipata kile kipimo kidogo cha unyevu kiweke ndani, unataka kisome kati ya asilimia 40 na 50. Mchele watu wanaupenda lakini una vumbi, usiweke lenzi humo. Na ukitoka Msimbati au pwani yoyote puliza mchanga kwanza kabla hujagusa kioo na kitambaa, ukifuta na mchanga umeshakwaruza.

SWALI: Nina Nikon D3300, nimenunua 50mm f/1.8D mtandaoni, oto fokasi imegoma kabisa na kamera inaandika FEE. Nimetapeliwa?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Hapana, lenzi yako inawezekana ni nzima kabisa. Lenzi za D zinategemea mota ya kwenye bodi kuzungusha fokasi, na D3300 haina hiyo mota. FEE inakuja kwasababu ile ringi ya apecha kwenye lenzi haijakaa kwenye f/22, izungushe hadi 22 uifunge na kale kakufuli kake, kamera itakubali kupiga. Fokasi utazungusha kwa mkono, angalia kale kataa ka kijani chini kushoto ndani ya kitundu cha kuchungulia, kakitulia fokasi imekaa. Kwa picha za mtu aliyekaa utaweza, kwa bibi harusi anayeingia ukumbini na ngoma utateseka, hapo iuze kwa mwenye D7000 au D90 ambazo zina mota, utafute ya AF-S 50mm f/1.8G yenye mota yake ndani.