Alama 67 za Kanada: fundi umeme wa Moshi azipate wapi?

SWALI: Nina miaka 38, fundi umeme wa kuajiriwa hapa Moshi kwa miaka 7. Nina stashahada, mke na mtoto mmoja. Sina ofa ya kazi wala ndugu Kanada. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS Academic nilipata wastani wa 6.5. Wakala anasema nimeshafuzu viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, anataka milioni 3 za "kufungua faili". Nilipe?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Usilipe, ndugu yetu, na bado hujafuzu. Kufungua wasifu kwenye Express Entry, mfumo wa mtandaoni ambao Kanada hupokelea wafanyakazi wenye ujuzi, ni bure. Anayeruhusiwa kukutoza kwa kukuwakilisha ni mwanasheria au mshauri mwenye leseni ya Kanada, na orodha ya wenye leseni iko wazi mtandaoni. Mwombe wakala huyo namba yake ya leseni; akizungusha maneno, achana naye.

IELTS Academic haihesabiwi. Inatakiwa General Training, matokeo yasiyozidi miaka 2, na kila kipengele kati ya vinne (kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza) kisishuke chini ya 6.0. Wastani mzuri haumwokoi aliyepata 5.5 kwenye kuandika.

Ili kufuzu unahitaji alama zisizopungua 67, basi sasa tupige hesabu. Umri wako ni alama 9: hadi miaka 35 ni 12, kisha kila mwaka unakata 1, kwa hiyo kuchelewa kunakugharimu. Uzoefu wa miaka 6 na zaidi ni 15. Stashahada itategemea tathmini ya taasisi iliyoidhinishwa kama WES: ikilinganishwa na ya miaka 2 utapata 19, ya miaka 3 ni 21. Kwa tahadhari chukua 19. Jumla 43, zimebaki 24.

Kiingereza peke yake kinaweza kutoa hizo 24, ila kwa anayepata 8.0 kusikiliza na 7.0 kwingine kote. Ukipata 6.0 kila mahali unaambulia 16. Ngazi ya katikati inatoa 20: kusikiliza 7.5, vingine 6.5. Hapa ndipo wengi wanaumia, maana kusikiliza 7.0 inapendeza kwenye karatasi lakini alama zake ni zilezile za 6.0.

Wa kukuvusha ni mkeo, kama mnaondoka pamoja. Naye afanye mtihani huo; akipata kusikiliza 4.5, kusoma 3.5, kuandika na kuzungumza 4.0, mnaongezewa 5. Wewe na 20 zako, jumla inafika 68. Ada ya mtihani wake ina faida kuliko chochote atakachokufanyia wakala huyo.

Ila 67 zinakuingiza tu kwenye kundi la wanaosubiri. Humo mnashindanishwa upya kwa alama zinazofika 1,200, na kwa umri wako pamoja na stashahada hutakuwa juu. Tumaini lako kubwa ni mialiko ya kuomba inayotolewa kwa makundi maalumu, likiwemo la mafundi, kwa hiyo kila nusu alama ya Kiingereza uipiganie. Ukialikwa una siku 60 tu za kuwasilisha maombi, kwa hiyo nyaraka ziandae mapema.

SWALI: Kwa maombi yangu ya Kanada, mwajiri ameniandikia barua kwamba nilikuwa "mfanyakazi mwaminifu na mchapakazi", basi. Inatosha? Na naweza kukopa VICOBA ili akaunti isomeke vizuri?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Barua hiyo haitoshi, dada. Sifa za tabia hazimsaidii ofisa. Anatafuta cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara, na hasa majukumu yako moja moja, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, sahihi na mawasiliano ya aliyeandika. Majukumu yaeleze kazi uliyoifanya kweli na yaendane na kazi uliyoitaja kwenye wasifu. Mhasibu ambaye barua yake inazungumzia kupokea wageni na kujibu simu anaweza kukataliwa hata kama cheo ni sahihi. Mwandikie mwajiri rasimu, aisome, airekebishe, asaini.

Mkopo haukubaliki kama ushahidi wa fedha za kujikimu. Barua ya benki inatakiwa kuonyesha tarehe akaunti ilipofunguliwa, salio la sasa, wastani wa miezi 6 na madeni yako. Hela iliyoingia kwa mkupuo wiki iliyopita itaulizwa ilikotoka. Kama ni ya kuuza kiwanja, ambatanisha mkataba wa mauzo.