Forester XT ndani ya familia: maswali yenu na majibu yetu

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu gari moja: Subaru Forester yenye turbo, ile XT. Wengi wanaipenda, wengi wanaiogopa, na wanaouliza karibu wote wana watoto wadogo. Kizazi tunachokizungumzia zaidi ni SJ, kilichotoka mwishoni mwa 2012 hadi 2018.

Swali. Hamjambo wahariri. Nina mke na watoto wawili, mmoja wa miaka minne, mwingine wa miezi saba. Tunaishi Nakuru na kila mwezi tunapanda Eldoret kwa wazazi. Nimeonyeshwa Forester XT ya 2014. Mke wangu ameipenda. Kaka yangu anasema itanimaliza kwa mafuta na kwa mafundi, nichukue isiyo na turbo. Nani nimsikilize?
Baba wa wawili, Nakuru

Jibu. Ndugu yetu, kwa njia unayopita, mkeo ana hoja nzito. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kila ukipanda meta 1,000, kwa kuwa hewa huko juu ni nyepesi. Forester ya kawaida ya 2.0 ina nguvu farasi 148 ikiwa usawa wa bahari. Hapo Nakuru zimebaki kama 120, na ukifika Timboroa, zaidi ya meta 2,700, ni 108 hivi. Sasa weka watu wanne, mizigo ya wazazi na gunia la viazi la kurudi nalo, halafu mbele yako kuna lori linalokwea kwa kilomita 30 kwa saa. Turbo huirudishia injini sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana. XT ya Japani ina injini ya FA20 ya lita 2.0, nguvu farasi 280 na msokoto wa Nm 350. Faida yake kwa familia ni kwamba unalipita lori kwa sekunde chache na kurudi upande wako mapema. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuzitaka nguvu hizo. Kwingine kote, iache SI-Drive, swichi ya kuchagua ukali wa injini, kwenye I, ile ya upole. S#, ile kali kuliko zote, itawatapisha watoto kabla hujafika Eldama Ravine.

Kaka yako naye hajakosea kuhusu gharama. Tarajia kilomita 7 hadi 9 kwa lita mjini na 10 hadi 12 safarini ukiendesha kwa utulivu. Injini hii ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu ya Japani, basi itafutie 95 au zaidi. Oktani ikiwa ndogo, injini hugonga, kompyuta hurudisha nyuma muda wa kuwasha plagi, nawe unalipia turbo usiyoipata.

Oili ndiyo roho ya gari hili. Ni sintetiki kamili ya 5W-30, yenye alama ya API SP, kiasi cha lita 5.1 pamoja na filta, kila kilomita 5,000 au miezi sita. Usikubali kwenda 10,000 kwa sababu chupa imeandikwa hivyo. Turbo inazunguka juu ya utando mwembamba wa oili hiyo hiyo, na oili iliyochoka huganda kwenye njia zake nyembamba. Alama ya SP nayo ina maana: injini za turbo zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda huweza kuwaka kabla ya wakati ukikanyaga sana mwendo ukiwa mdogo, na mlipuko wa namna hiyo huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Oili za SP zimejaribiwa dhidi ya jambo hilo.

Mtoto wa miezi saba akae kwenye kiti kinachotazama nyuma, kiti cha nyuma upande wa abiria. Asiwekwe kamwe mbele penye eabegi. Vishikio vya ISOFIX, vya kufungia viti vya watoto, viko kwenye viti viwili vya pembeni nyuma, kwa hiyo wote wawili wana mahali pao. Kama bajeti yako ya mwaka haina nafasi ya oili nzuri mara tatu au nne na matairi manne kwa mpigo, chukua isiyo na turbo na uyapite malori kwa subira. Ni gari jema pia.

Swali. Tuko Nyali, watoto watatu, wote bado wanakalia viti vyao. Gari ni la shule, soko na kanisa. XT inafaa?
Mama wa watatu, Mombasa

Jibu. Hapana, dada. Hapo baharini injini ya kawaida inazo nguvu zake zote, na safari zako ni fupi: turbo itakuwa inapashwa moto na kuzimwa, jambo linalochafua oili upesi. La pili, upana wa gari ni milimita 1,795 kwa nje. Viti vitatu vya watoto hubanana nyuma hadi kishikio cha mkanda wa katikati kisifikike kwa mkono. Tafuta gari la safu tatu.

Swali. Nimepata XT kwa bei nzuri, lakini muuzaji ni kijana na ekzosi inanguruma. Mke wangu anajifungua Desemba. Nitajuaje kama imechezewa?
Msomaji, Thika

Jibu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na XT hii ilikoma 2018. Nyingi unazozikuta zimeshapita mikono ya hapa nyumbani, na historia yake ndiyo unayoinunua. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, likiwa la moto, rudi siku nyingine.

Kwanza litazame hilo boneti. XT ya kizazi cha SJ haina tundu la hewa juu ya boneti kama zile za zamani, ukilikuta, limebandikwa. Kisha fungua. Tafuta vali ya turbo inayopumulia nje, ile inayotoa sauti ya "pshii" dereva akiachia mafuta. Kompyuta imeshaipima hewa ile ikiingia. Ikitupwa nje, petroli inayoingia inazidi hewa, plagi zinajaa masizi na katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi, inaungua. Uliza pia kama kompyuta imeandikwa upya. Akijibu ndiyo na hana faili la aliyeiandika, ondoka. Nguvu zilizoongezwa ovyo ndizo hupasua pistoni za injini hizi.

Chomoa kijiti cha oili. Kiwango chini ya alama ya chini kwenye gari linalouzwa kinakueleza namna lilivyotunzwa. Washa likiwa baridi, liache likae dakika kumi, kisha mtu akanyage mafuta ghafla nawe usimame nyuma. Moshi wa bluu wakati huo ni oili inayopita kwenye sili za turbo au ringi. Harufu ya oili inayoungua ndani ya gari mara nyingi ni gasketi za vifuniko vya vali, maana injini hii imelala na oili hudondokea bomba la ekzosi. Hilo linatengenezeka, lipunguze kwenye bei.

Liendeshe polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo kidogo. Giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, ikitikisika au kusita, acha. Mwisho, lipa fundi apime kompresheni ya silinda zote nne. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, hakuna bei nzuri hapo.

Ukiangukia kizazi cha nyuma yake, SH, yenye injini ya EJ, kumbuka hiyo ina mkanda wa taiming wala si cheni. Unabadilishwa kila kilomita 100,000 pamoja na tenshena, puli zake na pampu ya maji. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Swali. Shikamooni. Tairi moja la Forester yangu lilipasuka, nikafunga jipya moja, matatu yakabaki ya zamani. Sasa nikikata kona kali kutoka maegesho gari linajivuta kama limeshikwa breki. Pia, tangu sevisi ya wiki iliyopita, kijiti kinaonyesha oili imepita alama ya juu kwa mbali. Yanahusiana?
Mzee wa Mwanza

Jibu. Marahaba, mzee wetu. Ni mambo mawili, na la pili ndilo la haraka: usiiwashe tena.

Subaru ina nati ya oili ya injini mbele, na nyuma yake kuna nati ya CVT inayofanana nayo. Fundi asiyeyazoea magari haya hufungua ya nyuma, humwaga mafuta ya giaboksi akidhani ni oili, kisha huongeza lita tano juu ya oili ya zamani ambayo haijatoka. Injini inakuwa na mara mbili ya kiasi chake, krankishafti inaipiga oili hadi itoe povu, na povu halilainishi kitu. Huku nyuma giaboksi ni kavu. Paka oili ya kijiti kwenye karatasi nyeupe: oili mpya ina rangi ya asali; ikiwa nyeusi wiki moja baada ya sevisi, huenda ya zamani haikumwagwa.

Lichukuliwe juu ya lori, magurudumu yote manne hewani, maana likivutwa kwa mawili giaboksi inaumia. Oili imwagwe kwa nati ya mbele, spana namba 17, iwekewe washa (ringi ya kuzibia) mpya, ikazwe kwa Nm 42. CVT ijazwe mafuta yake yenyewe, ya aina ya msokoto mkubwa kama ni XT, na kiwango kipimwe mafuta yakiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45. Yakipimwa baridi, kipimo kinadanganya.

Kuhusu matairi: gari hili huendesha magurudumu yote wakati wote. Mzingo wa tairi moja usitofautiane na mengine kwa zaidi ya milimita 6, sawa na milimita 1 tu ya kina cha meno. Likizidi, klachi ya katikati inateleza mchana kutwa na kuungua, na kule kujivuta konani ndiyo dalili yake. Piga alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mzunguko mmoja kamili, pima urefu. Rudia kwa yote manne, upepo ukiwa sawa. Tafuta tairi lililotumika la aina ile ile, lenye meno yaliyolika kama yale matatu. Ukilikosa, nunua manne.