Barua kwa Rehema: nani alikuwa akipimwa?

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo asubuhi kabla ya chai. Unasema hii ni wiki ya tatu mnaongoza ndege zisizokuwepo, macho kwenye skrini, na mkufunzi yuko nyuma ya kioo akiwatupia matatizo. Ukaniuliza: wale waliokwenda Mwezini, walipokaa kwenye vyombo vya kuigiza safari, walikuwa wanafundishwa au wanapimwa?

Kupima ndiko kulikotangulia, mwanangu. Februari 1958, wakati NASA yenyewe, shirika la Marekani la safari za anga za juu, haijazaliwa, kijana wa jeshi la anga la Marekani aitwaye Donald Farrell alifungiwa siku saba ndani ya chumba kidogo kisichopitisha hewa, katika kambi ya Randolph, Texas. Siku saba ndizo walizokadiria za kwenda Mwezini na kurudi. Hapakuwa na chombo cha kumfundisha kukiendesha, maana hakikuwapo. Madaktari walitaka kujua kama mtu aliye peke yake, akivuta hewa iliyosafishwa na mitambo, atabaki na akili yake timamu na kuendelea kufanya kazi aliyopewa. Alipotoka alipokewa na seneta Lyndon Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa rais.

Baada ya hapo wakaja kwenye mikono na macho ya marubani. Kule Langley, kituo cha NASA kilichoko Virginia, walisimamisha mnara mkubwa wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 70, wakaning'iniza chombo kwa nyaya zilizobeba sehemu tano kati ya sita za uzito wake, ili rubani abaki na ile moja ambayo Mwezi, wenye mvuto mdogo kuliko dunia, ungemwachia. Chini walimwaga udongo na kuufinyanga uwe na mashimo kama ya Mwezini. Wakawasha taa kali usiku, na mhandisi Donald Hewes akaingia mwenyewe mashimoni na rangi nyeusi, akapuliza vivuli. Nilipokuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hii, hapo ndipo darasa zima lilipokuwa likinyamaza. Mtu mzima, mhandisi, anapaka kivuli kwa mkono, kwa sababu anajua rubani atakadiria umbali wa ardhi kwa kuangalia kivuli.

Kulikuwa pia na chombo kilichoruka kweli, kikishikiliwa hewani na injini ya jeti iliyotazama chini. Hicho kilikuwa cha hatari. Tarehe 6 Mei 1968, karibu na Houston, kilimkataa Neil Armstrong, yule aliyekuja kuwa mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, akiwa mita 60 hivi juu ya ardhi. Alijirusha na kiti, mwavuli ukafunguka, chombo kikaanguka na kuteketea. Hata hivyo alirudi kukirusha tena, na baada ya safari ya Mwezini alishikilia kwamba bila mazoezi yale asingetua kwa utulivu aliotua nao.

Lakini wewe hurushi chombo, wewe ni mwongozaji, kwa hiyo sehemu inayokuhusu ni hii.

Simyuleta kubwa, yaani vile vyombo vya kuigiza safari, za Apollo, mpango wa NASA wa kupeleka watu Mwezini, zilijengwa na kampuni yenye jina la Edwin Link, mtu wa Binghamton, New York, aliyetengeneza kifaa chake cha kwanza cha kufundishia marubani kwa viriba vya hewa kutoka kiwanda cha vinanda cha baba yake. Simyuleta hizo ziliunganishwa kwa waya na chumba cha waongozaji kule Houston. Waliomo kwenye chombo na waliomo chumbani wakawa wanafanya mtihani mmoja. Mtunga mtihani alikuwa Dick Koos na wenzake, na kazi yao ilikuwa kubuni ubovu.

Tarehe 5 Julai 1969, siku kumi na tano tu kabla ya kutua kwenyewe, Koos aliwatupia tahadhari ya kompyuta nambari 1201. Mwongozaji Steve Bales, kijana wa miaka 26, hakuijua. Kila kitu kingine kilikuwa kinakwenda sawa, ila nambari ile ilimtia wasiwasi, akaamuru safari ikatizwe. Gene Kranz, mkuu wao, alidhani wamefanya vizuri. Koos akawaambia wamekosea: kompyuta ilikuwa imezidiwa na kazi lakini bado ilikuwa inaongoza chombo, na wao wamekatiza safari iliyokuwa na uwezo wa kutua.

Fikiria uchungu wa jioni ile, Rehema. Kranz aliagiza kila tahadhari ichambuliwe, na kijana wa kompyuta Jack Garman akaziandika zote kwa mkono kwenye karatasi moja, kila nambari na cha kufanya, akailaza chini ya kioo cha meza yake.

Tarehe 20 Julai, Armstrong na mwenzake Buzz Aldrin wakishuka kweli Mwezini, ikatokea 1202, ndugu yake 1201. Sauti ya Armstrong ikiuliza ile nambari ina maana gani unaisikia mpaka leo kwenye rekodi, imebana. Garman akatazama karatasi yake, akamwambia Bales kwamba isipojirudia mfululizo hakuna tatizo. Bales akasema endeleeni. Baadaye ikaja na 1201 yenyewe, ileile iliyowaangusha, jibu likawa lilelile.

Kwa hiyo nikijibu swali lako sawasawa: Farrell alipimwa, Armstrong alipimwa akafundishwa, lakini waliopimwa kuliko wote ni wale waliokaa vitini Houston na hawakwenda popote. Naamini mtihani wa 5 Julai ulichangia kutua kule kama roketi ilivyochangia.

Umeniandikia kwamba Jumanne uliziacha ndege mbili zikakaribiana na mkufunzi akasimamisha zoezi mbele ya wenzako. Je, aliwaeleza kwa nini? Na mmeandika popote? Jumapili ukipiga simu nataka kusikia hilo kwanza, kabla ya habari za chakula cha bwenini. Mama yako anakusalimu, mguu wake unaendelea vizuri.

Baba yako