Mtumishi yuko Makete, jina lake bado Kyela

Nilihamishwa kutoka Kyela kuja Makete, lakini hati ya mshahara bado inanionyesha Kyela. Nifanyeje? (Muuguzi)

Pole, dada. Mshahara unatoka kwenye mfumo wa Utumishi, ule ambao wengi waliuzoea kwa jina la Lawson. Huo unajua nani analipwa na halmashauri gani. Nani anashika zamu ya usiku haujui. Utahama humo pale Kyela watakapokutoa na Makete wakupokee. Nenda kwa ofisa utumishi wa Makete na barua ya uhamisho na cheki namba, yaani namba yako ya mtumishi kwenye mishahara. Wala si jambo la hati tu: Kyela wanahesabiwa muuguzi ambaye hawanaye, na wakiomba wa kuziba nafasi yako wanaweza kuambiwa imejaa. Makete nao wanaonekana na pengo ulilokwisha kuliziba.

Watumishi wa hospitali za misheni, kama Ikonda na Tosamaganga, wanahesabiwa?

Inategemea nani anawalipa. Watumishi wa serikali walioazimwa kwa misheni wamo kwenye mfumo wa mishahara, walioajiriwa na misheni hawamo. Wizara ya Afya ilianzisha HRHIS, mfumo wake wa taarifa za watumishi, ili kuchukua vituo vya umma na vya binafsi kwa pamoja. Ukiihesabu Makete kwa orodha ya mishahara ya serikali peke yake, utaiona imepungukiwa kuliko ilivyo.

Zahanati yetu huku Ludewa ina watu watatu. Huo mfumo hauoni?

Unaona. Ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa kwa kila kituo, ya mwaka 2014 ilitaka zahanati iwe na watu 15 kwa uchache, basi kutoa tatu kwenye kumi na tano kompyuta haishindwi. Kinachokwama ni kibali cha ajira na bajeti. Ila mimi ikama peke yake hainiridhishi, maana zahanati ya mnadani na ya kijiji tulivu zinapewa idadi ileile. Shirika la Afya Duniani lina njia iitwayo WISN, inayopima kazi yenyewe: waliojifungua, waliochanjwa, waliotibiwa wakarudi nyumbani. Takwimu hizo zinatoka kwenye vitabu vya MTUHA, rejesta mnazoandika huduma za kila siku kituoni. Mkiacha kuandika kwa kuchoka, zahanati yenu itasomeka kama haina kazi.

Intaneti hapa hakuna kabisa.

Jazeni fomu ya karatasi, mpeni katibu wa afya wa wilaya aiingize kwenye mfumo. Nakala ibaki kituoni, yenye sahihi ya aliyeipokea.