"Liberal" ni nani: mkarimu, mtu huru au mwanasiasa?

Swali: Assalaam alaykum, mwalimu. Ni mfasiri mchanga hapa Malindi. Wiki hii nimepata kazi nne na zote zina neno "liberal": mapishi ya samaki, tangazo la chuo cha Marekani, habari ya uchaguzi wa Australia na nyingine ya jaji wa Marekani. Kote nimeweka "kiliberali", mhariri akanirudishia zote. Nimekosea wapi?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Mhariri hakukuonea, ila kwa jaji peke yake ulikuwa umekaribia kupata.

Tumalize samaki kwanza. Aliyeandika apakwe ukwaju "liberally" anataka ukwaju mwingi tu. Andika "mpake ukwaju, usifanye choyo." Ukisema apakwe kiliberali, samaki atagombea ubunge.

Chuo ndicho chenye mambo, maana Waingereza na Wamarekani husema "liberal arts". Kwa Kilatini "liber" ni mtu huru, asiye mtumwa, na Warumi waliita "artes liberales" elimu iliyomfaa mtu wa namna hiyo. Ulaya ya zama za kati ikazihesabu saba: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometria, muziki na elimu ya nyota. Uchoraji haumo, kwa hiyo "sanaa za kiliberali" inapotosha mara mbili. Mimi huandika "chuo cha masomo ya jumla", kisha nayataja: fasihi, historia, sayansi, hisabati.

Sisi wa Amu (Lamu) hatuna haja ya kushangaa, kwani tuna neno lililopita njia hiyohiyo. Muungwana zamani alikuwa mtu huru wa mji, kinyume cha mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, neno likabaki, likahama kutoka ukoo hadi tabia. Leo ukimpisha mzee apande mashua kwanza, atakwambia "mungwana wee", na hataki kujua babu yako alikuwa nani. Na "liberal" ndivyo: mtu huru, kisha mwenye mkono mkunjufu, kisha mwenye fikra pana.

Siasa ilikuja nyuma sana. Huko Cádiz, Uhispania, wajumbe waliotaka kupunguza mamlaka ya mfalme kwa katiba ya 1812 ndio walioitwa "liberales". Tangu hapo kila nchi imelivuta kwake. Chama cha Liberal cha Australia, alichokianzisha Robert Menzies mwaka 1944, ni cha mrengo wa kulia. Marekani, tangu enzi za Rais Franklin Roosevelt, liberal ni wa kushoto, anayetaka serikali imsaidie mnyonge. (Kenya pia tulikuwa na Liberal Democratic Party, iliyoingia muungano wa vyama wa NARC mwaka 2002. Sikumbuki mtu barazani kuuliza neno la kwanza lina maana gani.) Kwa hiyo jina la chama cha Australia liache lilivyo, uongeze "cha mrengo wa kulia", la sivyo msomaji atadhani ni ndugu wa wale wa Marekani.

Jihadhari pia na mazungumzo ya watu wetu. Barazani "yule siku hizi ni liberal" mara nyingi ni lawama: amelegea katika dini. Hapo tafsiri lawama yenyewe.

Jaji mwachie uliberali wake, ila andika "jaji wa mrengo wa kiliberali", si "jaji wa chama cha kiliberali". Wale wa Mahakama ya Juu ya Marekani huteuliwa na rais na kuidhinishwa na Seneti. Hawagombei kwa tiketi ya chama.