Yai moja, minyoo wengi

Wewe unayeanza kazi ya kutambua minyoo duara wa mifugo, nakuomba jambo moja: ukiona yai la kundi la strongili, yaani minyoo duara wa tumboni ambao mayai yao hufanana, usilipe jina la spishi.

Nilipokuwa mgeni maabara niliyaona mayai hayo kwenye kinyesi cha mbuzi: ganda jembamba, ndani seli zimesongamana. Mbuzi mwenyewe ufizi ulikuwa mweupe kwa kupungukiwa damu, basi nikaandika Haemonchus, mnyoo anayefyonza damu. Msimamizi wangu akauliza, “Umemjuaje?” Sikuwa na jibu. Yai la Haemonchus, la Trichostrongylus na la Oesophagostomum hufanana mno, hata vipimo vyake vinaingiliana. Nilichokiandika kilikuwa dhana, na mwenye mbuzi angenunua dawa kwa dhana hiyo.

Yapo mayai yanayojitambulisha yenyewe. La Nematodirus ni kubwa, aghalabu hupita mikromita 150, na seli zake ni chache; la Trichuris lina kizibo kila ncha; la Toxocara lina ganda nene lenye vishimo. Hayo yataje bila wasiwasi. Yaliyobaki, yaoteshe: weka kinyesi chenye unyevu kwenye joto la nyuzi 25 hadi 27 kwa siku 7 hadi 10, kisha uwatoe mabuu wa hatua ya tatu. Chini ya hadubini tazama mkia wa ala inayomfunika buu. Wa Trichostrongylus ni mfupi, wa Haemonchus ni wa kadiri na mara nyingi umepinda kidogo, wa Oesophagostomum ni mrefu, mwembamba kama uzi.

Hapo kuna mtego wa friji. Sampuli ya kuhesabu mayai ihifadhi kwenye baridi, la sivyo yataanguliwa. Ya kuotesha usiiweke humo, kwani mayai ya Haemonchus hayavumilii baridi. Utapata mabuu wa minyoo wengine tu, utangaze kwamba Haemonchus hayupo, kumbe umemuua wewe.

Na kinyesi kitolewe kwenye puru kwa mkono wenye glavu. Cha kuokota chini huja na minyoo huru wa udongoni, nao nimewahi kupotezea siku nzima nikiwatafutia jina. Ukishuku, dondoshea iodini: wa udongoni hugeuka kahawia upesi, lakini buu wa hatua ya tatu huchelewa kushika rangi, maana ala yake humkinga.