Kuhusu wale wekundu wetu kumi na wanne

Mwanangu Naserian,

Voisi yako nimeiskiza mara tatu, ya mwisho mama yako akiwa hapa. Unauliza tuuze hao kondoo wekundu wa Kimaasai waliobaki, uongezee pesa zako tununue dume la dopa, wale kondoo wakubwa wa kigeni. Nitakujibu, lakini kwanza wacha nikwambie habari ya dume wa Koko, nyanya yako, maana huyo dume wewe hukumkuta.

Alikuwa mwekundu kama kichuguu, mkia umejaa mafuta mpaka unayumba akitembea. Wakati huo dopa walishaenea kila mahali, serikali ilianza kuwasambaza tangu miaka ya 70. Ni kondoo wa Afrika Kusini hao, walitengenezwa huko miaka ya 30 kwa kuchanganya damu ya Uingereza na ya wale wa kichwa cheusi wenye asili ya Somalia, na mwili wanao, siwezi kukataa. Mimi kijana nikaona aibu, majirani wana kondoo kama ndama na mimi nachunga vitu vidogo. Nikampakia dume wa Koko kwenye pikapu, nikamuuzia mchinjaji, nikarudi na dopa. Koko hakusema kitu. Alinimiminia chai bila kuniangalia, na kesho yake alfajiri nikakuta majike tisa hawapo, amewaswaga mwenyewe kwa miguu mpaka kwa kaka yake. Dopa wangu alikuwa anamwita "yule mgeni wako".

Halafu ikaja El Niño, mwisho wa 1997. Wewe unajua Kajiado ya vumbi, ile haikuwa Kajiado. Nyasi mpaka magotini, na minyoo huwa inapanda kwenye majani mabichi, kondoo anaila pamoja na nyasi, ikifika tumboni inanyonya damu. Ukimshika ukafunua kope ya chini, ndani panafaa kuwa pekundu, wangu palikuwa peupe kama karatasi, na chini ya taya pamevimba maji. Nikanywesha dawa, nikanywesha tena, pesa ikaisha mvua bado iko. Thelathini na mmoja niliwatoa kwa toroli. Wa Koko walirudi wote tisa, na watoto nyuma. Akamkamata mmoja, akafunua kope, akaniambia "angalia". Hilo tu. Hiyo "angalia" bado iko hapa kifuani.

Ndio maana nasemaga kondoo ni yule anayeamka asubuhi. Najua umechoka kuisikia.

Lakini nisikudanganye pia, karo yako ya sekondari ilitoka kwa dopa. Mchinjaji anaangalia kilo, haangalii kope. Na wale watafiti waliopima dopa na wekundu kule Diani miaka ya 90 walikuta wekundu wanaihimili minyoo na watoto wao hawafi ovyo, sawa, lakini Diani ni pwani, kuna unyevu, huku kwetu miaka mingi ni kukavu na minyoo haina nguvu hivyo, kwa hivyo labda wewe ndio uko sawa. Halafu tena kuna ukame, mwili mkubwa unataka kula sana, 2009 si uliona mwenyewe wakianguka? Unaona sasa, nabishana peke yangu na mama yako anacheka.

Kinachonisumbua ni kimoja. Zunguka soko lote utafute dume mwekundu safi, utaletewa wenye rangi nyekundu na mkia mwembamba, wote wamechanganyika. ILRI, ile taasisi ya utafiti wa mifugo, wana kundi lao kwenye shamba lao la Kapiti, lakini hilo si la kwenda kuchagua kama sokoni. Dopa utampata wiki yoyote ile ukiwa na pesa. Hawa kumi na wanne wakishapanda loli ya mchinjaji, ukigeuza nia mwaka ujao utawatoa wapi?

Nilikuwa nimejiapia nisikuamulie. Pesa ni zako na boma ni lako na kaka zako. Ningekuwa mimi... hapana, mama yako ananiangalia.

Yule jike wa sikio lililopasuka amezaa jana usiku, mapacha. Njoo Jumamosi kabla jua halijawa kali, nitakushikia yeye na dopa mmoja wa jirani, ufunue kope kwa mkono wako.

Baba yako